Chura wa Kihansi: Mto Mmoja, Ofisi Nyingi

Katika mikutano ya vijiji vilivyo kwenye vyanzo vya maji halikosekani swali hili: kwa nini mkulima atakiwe kuacha kinyungu chake kando ya kijito kwa ajili ya chura ambaye hajapata kumwona hata siku moja? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kutajiwa kifungu cha sheria kisha muulizaji akanyamazishwa. Somo la toleo hili linajaribu kulijibu kwa kufuata mto wenyewe, kuanzia mabondeni kwetu hadi chini kabisa, na kuitazama kila ofisi ya umma ambayo mkono wake umegusa maji hayo.

Mto Kihansi hukusanya vijito vyake katika nyanda za juu za Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa. Huku juu ni mto mpole, upitao kati ya mashamba ya mahindi, mashamba ya miti na mabonde yenye unyevu ambamo watu hulima vinyungu wakati wa kiangazi. Ukifika ukingoni mwa Milima ya Udzungwa, huanguka. Katika mwendo wa kilomita chache maji hushuka karibu mita 850 hadi ukingo wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kisha huingia Mto Kilombero na kwenda Rufiji. Katika korongo hilo maporomoko yalipokuwa na wingi wake wa asili, wastani wa mita za ujazo 16 hivi kila sekunde, yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Majani yaliyoota mahali hapo hayakupata kukauka.

Ndani ya majani hayo, katika eneo lisilozidi hekta mbili hivi, ndimo alimoishi chura wa Kihansi. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, na mwaka 1999 akapewa jina la kisayansi la Nectophrynoides asperginis. Ni mdogo mno: jike mkubwa hafiki sentimita tatu. Rangi yake ni ya manjano iliyokolea kama dhahabu. Hatagi mayai majini kama vyura tunaowasikia vidimbwini, bali huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Hapana mahali pengine duniani alipopatikana akiishi porini. Korongo hilo lina viumbe wengine wa pekee pia, miongoni mwao mbuni mwitu uitwao Coffea kihansiensis. Mkulima wa kahawa atatambua mara moja kwamba jamaa wa porini wa zao lake si jambo la kupuuzwa.

Tatizo ni kwamba mwaka 1996 ujenzi wa kituo cha kufua umeme cha Kihansi ulikuwa umekwisha kuanza. Tathmini ya mazingira ilikuwa imefanyika, lakini korongo lenyewe, kwa ukali wa miteremko yake, halikuwa limechunguzwa ipasavyo. Basi chura alijulikana baada ya uamuzi kupita. Hapa ndipo somo letu linapoanzia, kwa maana tathmini iliyochelewa hugeuka kuwa orodha ya hasara. Miaka hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuwa haijatungwa. Ilikuja mwaka 2004, nayo inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ikamilike kabla mradi haujaanza, wananchi wakishirikishwa. Mradi ukiletwa katika kijiji chako na ukasikia kwamba tathmini "itafuata baadaye", kumbuka Kihansi.

Tusifanye haraka kulaumu umeme. Kituo cha Kihansi kina uwezo wa megawati 180, na kilipokamilika mwaka 2000 kiliingiza nguvu kubwa katika gridi ya taifa. Hospitali, mashine za kusaga na viwanda vilihitaji nguvu hiyo. Ila ili mitambo izunguke, maji yalipaswa kuchepushwa juu ya maporomoko na kupitishwa ndani ya mlima. Karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yaliondoka. Manyunyu yakakoma, na majani yakaanza kunyauka.

Hatua mbili zilichukuliwa. Kwanza, mwishoni mwa mwaka 2000, kwa idhini ya Serikali, vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, wakatunzwe katika bustani za wanyama, ya Bronx mjini New York ikiwa ya kwanza. Pili, mabomba yenye vinyunyizio yalitandazwa korongoni ili kuiga kazi ya maporomoko. Vinyunyizio vilifaa, na kwa muda vyura wakaongezeka hata wakakadiriwa kukaribia 20,000 katikati ya mwaka 2003. Miezi michache baadaye wakaanza kufa kwa kasi ya kutisha. Januari 2004 wale walioonekana au kusikika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Ni nini kilichowaua? Mambo matatu yametajwa, na wataalamu hawakukubaliana juu ya uzito wa kila moja. La kwanza ni ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, unaoshambulia ngozi ya chura na ambao umeua vyura katika mabara mengi. Vimelea vyake husafiri kwa tope la viatu na kwa vifaa vilivyolowa. La pili ni tope lililofunguliwa kutoka bwawani katika mwaka huohuo wa 2003, likishukiwa kubeba mabaki ya viuatilifu vilivyotumika mashambani huku juu. La tatu ni hitilafu za vinyunyizio wenyewe.

Mambo hayo matatu yatazamwe tena, kwa jicho la mtumishi wa umma. Ugonjwa wa wanyamapori ni shughuli ya watafiti. Tope la bwawa ni shughuli ya mwenye bwawa. Dawa ya mahindi ni shughuli ya mkulima, afisa ugani na halmashauri. Maji yanayobaki mtoni ni shughuli ya ofisi ya bonde. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na yamkini kila mmoja alikitunza kwa kadiri alivyoweza. Lakini chura aliishi pale ambapo vipande hivyo vyote vinakutana, na mahali hapo hapakuwa na mwenyewe. Ushirikiano wa taasisi tunaousikia kila siku katika hotuba una maana hiyo tu: kupata mwenyewe wa mahali pa kukutania.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na ubishi mkubwa zaidi. Mipaka ya wilaya na mikoa imechorwa na watu, lakini maji hayaijui. Mkurugenzi wa halmashauri upande wa Iringa hana amri upande wa Morogoro. Kwa sababu hiyo nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na la kwetu ni Bonde la Rufiji, lenye Bodi ya Maji ambayo makao yake yapo Iringa. Anayetaka kuchukua maji kwa ajili ya umwagiliaji, kiwanda au umeme hupata kibali kwa bodi hiyo, awe kikundi cha wakulima ishirini au awe TANESCO. Kuchota ndoo ya kunywa na kupikia hakuhitaji kibali.

Kibali cha TANESCO kiliwekewa sharti: maji yasiyopungua mita za ujazo kati ya 1.5 na 2 kila sekunde yaachwe yapite korongoni. Sharti hilo lina gharama ya kweli, na tunaweza kuikadiria wenyewe. Mita moja ya ujazo kila sekunde ikianguka mita 850 huweza kuzaa takriban megawati 7. Basi maji aliyoachiwa chura ni sawa na megawati kumi au zaidi ambazo TANESCO haiziuzi. Mtu akidai kwamba anayeombwa kujinyima kwa ajili ya chura ni mkulima mdogo peke yake, hesabu hiyo ndiyo jibu lake.

Je, nani wa kwanza pale maji yanapopungua? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga safu. Mbele wapo watu na mahitaji yao ya nyumbani. Wa pili ni mto wenyewe na viumbe wanaoutegemea, yaani kiasi cha maji kisichopaswa kutolewa mtoni. Baada ya hapo ndipo huja umeme, umwagiliaji, viwanda na mengineyo. Wengi hushangaa kusikia kwamba kisheria mto umewekwa mbele ya bwawa na mbele ya shamba. Mshangao huo hupungua tukikumbuka kwamba mto ukikauka, bwawa na shamba vyote hubaki bila kitu.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipewa kazi ya kuunganisha. Ndilo lililosimamia mradi wa mazingira wa Kihansi, kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia, likiwaweka meza moja watu wa umeme, watu wa maji, watafiti na halmashauri za pande zote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa wanasayansi na baadaye kikajenga mahali pa kuwalea vyura. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ndiyo yenye dhamana ya utafiti wa wanyamapori nchini. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, hulinda misitu mikubwa ya ukingo wa Udzungwa, ikiwamo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uzungwa Scarp, inayogusa wilaya zilezile za Kilolo, Mufindi na Kilombero.

Huko Marekani nako mambo hayakuwa mepesi. Vyura waliopelekwa walikufa kwa wingi katika miaka ya mwanzo, hata wakabaki chini ya mia moja, kabla watunzaji hawajajua mwanga, chakula na unyevu unaowafaa. Kisha wakaanza kuzaana. Agosti 2010 vyura mia moja walirejeshwa kwa ndege kutoka bustani za Bronx na Toledo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka 2012 zaidi ya vyura 2,000 waliachiwa korongoni. Kumrudisha mnyama mahali alipotoweka kabisa porini ni kazi ngumu, na kwa aina ya chura haikuwa imewahi kujaribiwa kwa namna hiyo. Kazi hiyo huendelea kwa miaka, hatua kwa hatua, na anayeingia korongoni hutakiwa kusafisha viatu vyake kwa dawa.

Tumefika sasa kwetu, na hapa tutakaa kidogo.

Halmashauri ndiyo ofisi ya umma iliyo karibu zaidi na shamba, na kata ndiyo sehemu ya halmashauri iliyo karibu zaidi na kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 haikuishia wizarani. Imetaja kata, kijiji, mtaa na hata kitongoji kuwa ngazi za usimamizi. Kamati ya Mazingira ya Kijiji ni chombo cha kisheria, ingawa katika vijiji vingi hukutana pale tu moto unapokuwa umekwisha kuteketeza msitu. Kwa maoni yetu, kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote katika mnyororo huu wa ofisi ndicho hicho.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyo ndicho kinachojulikana zaidi, nacho husemwa kwa kifupi kuwa ni "mita sitini". Kinazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya kingo, zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Kinyungu hakikutajwa kwa jina. Mkulima aweza kusema: kinyungu changu ni cha kiangazi, si cha kudumu. Neno lake lina uzito, lakini sehemu ya pili ya kifungu hubaki palepale, kwani kulima hadi kwenye maji, kufukua mifereji inayokausha bonde na kupiga dawa juu ya kijito ni shughuli zinazodhuru ukingo hata kama zimefanywa kwa miezi mitatu tu.

Tukiri kwamba vinyungu ni chakula. Familia nyingi za nyanda za juu huvuka miezi ya Agosti hadi Novemba kwa mahindi mabichi, maharage na mboga za vinyungu, na ada za shule hutoka humo. Ofisi yoyote inayofika na kamba ya kupimia mita sitini, bila kuwa na neno la kusema juu ya chakula cha Oktoba, imefanya nusu ya kazi. Kwa upande mwingine, bonde lililokaushwa kwa mifereji hutoa mavuno mazuri miaka michache, kisha udongo hukakamaa na kijito hukatika. Mwenye hasara ya kwanza ni huyohuyo mkulima, kabla ya chura na kabla ya TANESCO. Njia ya kati ipo: kuvuta maji kwa kibali hadi kwenye shamba lililo nje ya ukingo, kupitia kikundi au Jumuiya ya Watumiaji Maji, badala ya kulifuata shamba mle ndani ya maji. Kuhama huko kuna gharama ya bomba na ya nguvu kazi, na ni haki ya wananchi kudai kwamba gharama hiyo iingie katika mipango ya maendeleo ya kata, isiachwe kwa mkulima mmoja mmoja.

Jambo jingine ni miti. Wengi wetu tumepanda mikaratusi na misindano, na fedha yake imejenga nyumba nyingi za bati. Hapana anayezuia biashara hiyo mlimani. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na kuupanda bondeni ni kuweka pampu isiyozimwa. Kando ya chemchemi ipandwe miti inayopatana na maji, kama vile mivengi, ambayo wazee wetu waliiacha bila kuelezwa na mtu yeyote. Mwenye mikaratusi iliyokomaa karibu na chanzo azungumze na Afisa Misitu juu ya kuivuna na kuibadilisha kwa awamu.

Kuhusu viuatilifu tutasema machache. Dawa zote zinazouzwa zinapaswa kuwa zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Bomba la kupulizia lisioshwe mtoni, na chupa tupu isitupwe bondeni wala kugeuzwa ya kuwekea mafuta ya kupikia. Tope linalosombwa na mvua ya Machi hubeba kila kilichomwagwa mwezi Januari, na mbele ya tope hilo kuna bwawa, na chini ya bwawa kuna korongo.

Kijiji pia kina mamlaka yake yenyewe, na hapa wananchi hawapaswi kungoja. Mkutano Mkuu wa Kijiji waweza kupitisha sheria ndogo za kulinda vyanzo vya maji, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Baraza la Madiwani. Sheria ndogo iliyotungwa na wanakijiji wenyewe huweza kusema mambo ambayo sheria ya Bunge haiwezi kuyajua: kijito gani kiachwe kabisa, ng'ombe wanywee wapi, mtaro wa zamani ufukiwe lini, mjane mwenye kinyungu kimoja tu apewe muda gani na sehemu gani ya kuhamia. Vilevile, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chaweza kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji na kuusimamia kwa mpango wa matumizi, mapato yake yakibaki kijijini.

Mwenye jambo la kuripoti au kuuliza asihangaike kutafuta ofisi sahihi kati ya hizo zote tulizozitaja. Aanze kwa Mtendaji wa Kijiji au mjumbe wa Kamati ya Mazingira. Uchafuzi na ujenzi ukingoni hupelekwa kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Mazingira wa Wilaya, ambaye huwasiliana na NEMC inapobidi. Mgogoro wa mgao wa maji na maombi ya kibali hupelekwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Moto na ukataji ndani ya hifadhi hupelekwa kwa Afisa Misitu au TFS. Taarifa iandikwe, iwe na tarehe, jina la kijito na kitongoji, na nakala moja ibaki kwa mwandishi. Ikipita miezi miwili bila majibu, nakala hiyo ndiyo ya kusomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata, mbele ya Mtendaji na Diwani, na jibu lao liandikwe katika muhtasari wa mkutano.